Sarafu, Pesa na Thumuni: Majina ya Fedha kama Ushahidi wa Historia ya Biashara katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Mtu akitafuta neno pesa katika kamusi zetu, mara nyingi ataelekezwa kwenye fedha. Akitafuta hela ataelekezwa kwenye pesa. Na akitafuta sarafu ataambiwa kwamba ni fedha ya madini. Darasani nako twayafundisha maneno haya manne kuwa ni visawe. Kwa mazungumzo ya kila siku hapana ubaya. Lakini kwa mchunguzi wa lugha, na zaidi kwa yule anayetafsiri hati ya kale au kitabu cha uchumi, kuyachukua maneno hayo kuwa ni sawa ni kuifuta historia ambayo lugha yenyewe imeihifadhi.

Makala haya yana madhumuni mawili. La kwanza ni kuonyesha kwamba kila moja la maneno hayo lilikuwa hapo awali jina la kitu maalumu, kilichotoka mahali maalumu na kuingia katika biashara ya namna maalumu. La pili, ambalo ndilo kiini cha hoja yetu, ni kudai kwamba jina la fedha na thamani ya fedha si vitu viwili vinavyosafiri pamoja daima. Jina laweza kubaki na thamani ikaondoka. Na thamani yaweza kubaki hali sarafu iliyoibeba imekwisha kufutwa. Mifano yetu mikuu itakuwa ni thumuni na senti, maneno madogo ambayo, kwa kuwa ni ya fedha ndogo, wataalamu wameyapita bila ya kuyatazama sana.

1. Mzizi wa neno sarafu

Neno sarafu latokana na mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti s-r-f, ambao maana yake ya asili ni kugeuza au kubadili. Kutokana na mzizi huo Waarabu walipata jina la mvunja fedha, yaani mtu akaaye sokoni akibadili dinari kwa dirhamu. Kutokana na mzizi huo huo walipata jina la elimu ya mabadiliko ya neno: namna kitenzi kigeukavyo kufuata nafsi na wakati. Kiswahili kimepokea matawi yote mawili. Tawi la soko limetupa sarafu, na vilevile masurufu, yaani fedha za matumizi ya safari. Tawi la elimu limetupa sarufi na kitenzi sarifu. Kwa hiyo sisi tufundishao sarufi na yule avunjaye noti dukani tunatumia neno moja, na kazi zetu kwa asili ni moja: kujua kitu gani chaweza kusimama badala ya kitu gani.

Jambo hili lina uzito zaidi ya kuwa ni la kufurahisha. Fedha, kwa Kiarabu, ni madini. Pesa na hela, kama tutakavyoona, ni majina ya vipande fulani vya shaba. Sarafu pekee ndiyo iliyotokana na tendo, na tendo lenyewe ni la kubadilishana. Neno linatukumbusha kwamba fedha si kitu bali ni mapatano: kipande cha madini hakiwi sarafu mpaka awepo mtu wa pili aliye tayari kukipokea.

2. Sarafu za miji ya kale

Miji ya pwani ilipiga sarafu zake yenyewe karne nyingi kabla ya kuja kwa Wareno. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata sarafu ndogo sana za fedha zilizotengenezwa papo hapo. Huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilifukuliwa mwaka 1984 hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za fedha, ambazo wataalamu wanazitia katika karne ya 11. Kilwa nayo ilipiga sarafu za shaba kwa muda mrefu. Mashuhuri miongoni mwa watawala waliofanya hivyo ni al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331.

Kwa msomaji wa jarida hili, sarafu za Kilwa zina jambo la pekee. Upande mmoja huwa na jina la mtawala. Upande wa pili huwa na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Na pande hizo mbili hukamilishana kwa kina. Aliyeigeuza sarafu mkononi mwake alikuwa akisoma ubeti mfupi wa Kiarabu. Hatuwezi kudai kwamba hiyo ni fasihi ya Kiswahili, lakini twaweza kusema kwamba mazoea ya pwani ya kulipa neno uzito kwa kulitia kina yalifika hata kwenye shaba ya kununulia nafaka.

Sarafu hizo za shaba hazikuenea sana. Nyingi zimepatikana Kilwa kwenyewe, Mafia, Unguja na Pemba, na chache tu kwingineko. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilionekana Zimbabwe Kuu, kwenye njia ya dhahabu. Maana yake ni kwamba chapa ya sultani ilikuwa na nguvu pale palipokuwa na soko lililomtambua. Nje ya hapo shaba ilirudi kuwa shaba.

3. Simbi, ushanga na nguo

Biashara ya bara iliongozwa na vitu vingine. Kauri, ambazo pwani huitwa pia simbi, ziliokotwa ufukoni na kupelekwa mbali. Katika ufalme wa Buganda zikawa fedha kamili, na mpaka leo neno la Kiganda la fedha ni ensimbi, ingawa hakuna anayelipa kwa kauri. Kuanzia miaka ya katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walizipakia kauri za pwani yetu merikebuni na kuzipeleka Afrika ya Magharibi, ambako zilipokewa kuwa fedha. Walizipeleka kwa wingi hata thamani ya kauri huko ikaporomoka, na waliokuwa wameweka akiba zao kwa kauri wakapata hasara wasiyojua ilikotoka. Kitu kile kile kilikuwa kombe ufukoni na kilikuwa mali sokoni. Na aliyefaidika ni yule aliyezijua pande zote mbili.

Katika njia za misafara, kipimo kikuu kilikuwa nguo. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, pamba nyeupe isiyotiwa rangi kutoka Massachusetts ilienea hata ikachukua jina la nchi ilikotoka: merikani. Mikono 4 ilikuwa shuka, na shuka 2 zilikuwa doti. Kwa doti na kwa ushanga watu walinunua chakula, waliajiri wapagazi, na walilipa hongo kwa watawala wa nchi walizopita. Hongo wakati huo ilikuwa ni ushuru wa njia, uliojadiliwa hadharani na kulipwa mchana. Kwamba neno hilo sasa lina maana ya malipo ya siri na ya aibu ni jambo la kutafakari: utawala mpya ulipojitwalia haki ya kutoza, ushuru wa watawala wa zamani ulibaki bila ya jina la heshima.

4. Reale na thumuni

Katika karne ya 19, fedha kubwa ya pwani ilikuwa reale, jina lililotoka kwa Wareno na Wahispania. Lakini sarafu zilizoitwa reale hazikuwa za namna moja. Askofu Edward Steere, katika kitabu chake cha mafunzo ya lugha ya Unguja cha mwaka 1870, aliandika namna watu walivyozipambanua. Ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, ambayo iliendelea kupigwa chapa kwa mwaka uleule wa 1780 hata baada ya malkia huyo kufa, iliitwa reale ya Sham. Ile ya Kihispania yenye nguzo mbili iliitwa reale ya mzinga, kwa kuwa nguzo hizo machoni pa watu zilikuwa mizinga. Ya Kifaransa ikaitwa ya Kifransa.

Majina haya yafundisha. Sham ni nchi ya Syria, si Austria. Yaelekea fedha iliitwa kwa njia iliyopitia, si kwa ufalme ulioipiga chapa. Na mzinga ni tafsiri ya picha, si ya maandishi. Mtu wa soko hakuhitaji kumjua mfalme wa Hispania. Alihitaji kujua uzito wa fedha, usafi wake, na kama mwenzake ataipokea.

Reale ilikuwa fedha kubwa, na kwa mahitaji ya kila siku iligawanywa kwa hesabu: nusu, robo, na thumuni. Neno la mwisho kwa Kiarabu ni sehemu moja ya nane, na thumuni ya Kiswahili ilikuwa thumuni ya reale.

Hapa ndipo tunapofika kwenye swali ambalo wanafunzi huuliza na mara nyingi hatuwajibu. Ikiwa thumuni ni sehemu ya nane, kwa nini wazee wetu waliiita senti hamsini thumuni? Senti hamsini ni nusu ya shilingi, wala si sehemu yake ya nane. Jibu jepesi ni kusema kwamba neno lilipoteza maana. Sisi twaona kinyume chake: neno liliishika maana yake barabara, ila fedha ndiyo iliyobadilika chini yake.

Tufuate hesabu. Reale moja ilikuwa na thamani ya rupia mbili na ushei. Kwa hesabu ya mkono, basi, thumuni ya reale ilikuwa robo ya rupia. Rupia ilipoondolewa katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kama tutakavyoeleza, ilikadiriwa kuwa sawa na shilingi mbili. Robo ya rupia, kwa hiyo, ikawa nusu ya shilingi. Sehemu ya nane ya reale, robo ya rupia, nusu ya shilingi: thamani ilikuwa ile ile, au karibu yake, na thumuni ilivuka tawala tatu bila ya kutikisika. Unguja na Pemba hesabu ilikwenda njia nyingine, kwani huko rupia ya Kihindi ilidumu mpaka mwaka 1936 na ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Lakini bara na katika pwani ya Kenya, neno lilihifadhi thamani ambayo serikali mbalimbali zilikuwa zimeipa majina mengine.

5. Rupia, pesa na hela

Pamoja na reale ilikuja fedha ya Bara Hindi. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said aliagiza vipande vya shaba kutoka huko ili soko la Unguja lipate fedha ndogo. Kwa Kihindi kipande hicho kiliitwa paisa. Kwa Kiswahili kikawa pesa. Pesa 64 zilikuwa rupia moja. Mwaka 1882 Seyyid Barghash alitoa pesa zenye jina lake mwenyewe, na upande wa pili akatia picha ya mizani. Kampuni ya Kiingereza iliyotawala Mombasa ilipotoa pesa zake mwaka 1888, nayo ilitia mizani. Kampuni ya Kijerumani ilitoa pesa zake kuanzia mwaka 1890, na juu yake iliandika jina lake kwa Kiarabu. Kila mtawala mpya alijua kwamba soko halitaipokea chapa yake isipokuwa imefanana na ile ambayo soko liliizoea.

Lakini palikuwa na nguvu nyingine iliyowalazimisha watu kuitafuta fedha hiyo, nayo ni kodi. Katika himaya ya Wajerumani kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na katika himaya ya Waingereza mwaka 1901. Zote mbili zilihesabiwa kwa rupia. Mtu ambaye jana mali yake ilikuwa mbuzi na mtama, leo alitakiwa kuipata rupia, na rupia ilipatikana kwa kuuza mazao au kwa kuuza nguvu za mikono. Hivyo rupia iliingia katika lugha pamoja na mamlaka, na kumbukumbu hiyo imo katika methali yetu isemayo: penye udhia, penyeza rupia. Rupia zenyewe hazipo tena, lakini udhia na penyezo havijaondoka.

Mwaka 1904 Wajerumani waliacha hesabu ya pesa 64, wakaigawa rupia yao katika Heller 100. Ndipo lilipozaliwa neno hela. Maisha ya sarafu yenyewe yalikuwa mafupi. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa na vita na bila ya njia ya kuagiza fedha, Wajerumani walipiga sarafu zao za mwisho huko Tabora: za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, na za shaba za Heller 20. Muda si muda utawala wao ukaisha. Heller ilitumika kwa miaka kumi na ushei. Hela imeishi zaidi ya karne. Hata leo neno hili limestawi zaidi Tanzania Bara, hali katika Kenya watu wengi husema pesa. Vivyo hivyo, waliotawaliwa na Wabelgiji walirithi faranga, na jina hilo lipo mpaka sasa Rwanda, Burundi na Kongo. Anayetaka kuchora ramani ya lahaja kwa majina ya fedha atajikuta anachora mipaka ya himaya zilizokufa.

6. Senti mbili zenye jina moja

Tumeona thumuni ikihifadhi thamani. Sasa tutazame neno lililofanya kinyume chake.

Waingereza walikuwa wamekadiria mwaka 1905 kwamba rupia 15 ni sawa na pauni moja, yaani rupia moja ni shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Rupia hiyo waliigawa katika senti 100. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza bei ya madini ya fedha ilipanda, na rupia ikapanda pamoja nayo. Mwaka 1920 serikali iliikaza rupia kwenye shilingi mbili za Kiingereza, kumi kwa pauni. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa London mwishoni mwa mwaka 1919, ikatoa florini badala ya rupia. Na kabla watu hawajaizoea florini, mwaka 1921 iliamuliwa kwamba fedha itakuwa shilingi, mbili kwa kila florini.

Tuzitazame sarafu zenyewe. Ile ya mwaka 1920 imeandikwa kwamba ni senti hamsini, shilingi moja. Ile ya mwaka 1921 imeandikwa kwamba ni senti hamsini, nusu shilingi. Bodi ni ile ile, mfalme ni yule yule, maneno senti hamsini ni yale yale. Thamani imekatwa nusu. Kwa karani aliyesoma tangazo la serikali, hapakuwa na utata: senti ya kale ni mia ya florini, senti mpya ni mia ya shilingi. Lakini kwa mtu asiyejua kusoma, ambaye lugha ndiyo iliyokuwa daftari lake, neno lilikuwa limemgeuka. Aliyekubaliana na mwenzake deni la senti hamsini kabla ya mabadiliko alikuwa anadai shilingi nzima. Baada yake angeweza kulipwa nusu yake kwa neno lile lile.

Mabadiliko hayo yaliwaumiza pia walowezi waliokuwa na madeni, kwani deni la rupia 15,000, lililokuwa pauni 1,000, sasa lilikuwa pauni 1,500. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na mtu wa kumtwika mzigo. Mwaka 1921 waajiri walikubaliana kupunguza ujira wa Waafrika kwa theluthi moja. Tuchukue mfano wa hesabu tu: mtu wa ujira wa rupia 6 alikuwa, kwa kadirio la 1905, anapata shilingi 8, kwa kadirio la 1920, shilingi 12, ukiondoa theluthi, shilingi 8. Katika daftari la mwajiri hakuna aliyedhulumiwa. Lakini mfanyakazi hakuwahi kulipwa kwa pauni wala kununua kwa pauni. Alichokijua ni kwamba vitu vilikuwa vimepanda bei wakati wa vita, kodi ilikuwa imepandishwa, na ujira wake ulikuwa umekatwa.

Ujira huo, pamoja na kodi na kipande, ndio uliomtoa Harry Thuku kuunda chama chake mjini Nairobi mwaka huo wa 1921. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi ulipigwa risasi. Hesabu ya serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Tusidai kwamba watu hao walikufa kwa ajili ya neno. Lakini hapana budi kusema kwamba kuchezewa kwa fedha kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakusanya pale, na kwamba fedha ilichezewa kwa urahisi kwa kuwa majina yake hayakubadilika.

Hitimisho

Mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kutoa fedha zao zenyewe, na tangu hapo shilingi nayo imekuwa jina moja lenye thamani tatu tofauti. Mwaka 2007 pesa, iliyokuwa sehemu ya 64 ya rupia, iliingia katika simu kwa jina la M-Pesa, na sasa husafiri bila ya shaba wala karatasi. Haya si mageuzi ya ajabu kama inavyodhaniwa. Mzizi wa neno sarafu ulikwisha kutueleza kwamba fedha ni kubadilishana.

Kutokana na uchunguzi huu twapendekeza mambo mawili. Kwanza, watunga kamusi waache kufafanua maneno ya fedha kwa kuyaelekeza moja kwa jingine. Kila kidahizo kitaje fedha iliyokusudiwa na wakati wake: thumuni ya reale, ya rupia na ya shilingi, senti ya rupia na senti ya shilingi. Pili, katika istilahi za uchumi tuyape maneno kazi tofauti kwa kufuata asili yake: sarafu iwe ni fedha halali ya nchi na kitendo cha kuibadili, fedha iwe ni mali kwa jumla, na pesa ibaki kuwa fedha ya mkononi, kama ilivyokuwa tangu mwanzo.

Kazi hii isicheleweshwe. Wako bado wazee waliotumwa dukani na thumuni, wakajua bila ya kufundishwa ni vitu gani itanunua. Wakiondoka wao, kamusi zitabaki na neno lenye maana ya senti hamsini, na hakuna atakayeweza kueleza kwa nini sehemu ya nane ilipata kuwa nusu.